Ndege, Mtende na Bandari: Jina la Feniksi na Tumaini Letu la Ufufuo

Miaka michache baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji, niliongoza ibada ya mazishi ya mtoto wa miaka 6. Nilitamani sana kuwafariji wazazi wake. Usiku wa kuamkia siku ile nilikumbuka mfano niliousoma chuoni: habari za feniksi, ndege anayeishi mamia ya miaka, akateketea katika kiota chake, kisha akatoka katika majivu akiwa mpya. Kaburini niliusimulia mfano huo kwa ufasaha. Akina mama walioketi kwenye mikeka waliitikia Amina, nami nikaridhika kwamba mahubiri yalikuwa yamefika.

Baada ya maziko, tulipokuwa tukinawa mikono, bibi wa marehemu alinisogelea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Mchungaji, yule ndege uliyetuambia anaishi nchi gani?"

Nikamjibu, "Bibi, hayupo. Ni hadithi ya watu wa kale. Mimi niliitumia kama mfano tu."

Akanyamaza kidogo. "Ahaa," akasema, "mimi nilidhani yupo." Kisha akarudi kuketi na wenzake.

Bibi yule hakukasirika wala hakunilaumu. Lakini nilitambua kwamba nilikuwa nimempa kitu cha kushika wakati wa msiba, kisha nikakiondoa mkononi mwake kabla jua halijatua. Tangu siku hiyo nimelifuatilia jina la ndege huyu katika historia na katika Maandiko. Nilichokipata kilinishangaza, nami naona kina faida kwa kila Mkristo anayesimama kaburini na kukiri kwamba anaamini ufufuo wa mwili.

Neno moja, maana nyingi

Feniksi ni neno la Kiyunani, foiniks. Kwa Wayunani neno hilo halikuwa la ndege peke yake. Lilikuwa pia jina la mtende, na la tende zake. Lilikuwa jina la rangi nyekundu iliyokoza, ile inayokaribia zambarau. Lilimtaja mtu wa Foinike, nchi ya Tiro na Sidoni, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Lebanoni. Watu wa Tiro walisifika kwa kutengeneza rangi hiyo kutokana na konokono wa baharini, na wengi huona kwamba rangi na nchi vinahusiana kwa jina. Tena lilikuwa jina la mtu: mzee aliyemlea shujaa Akile katika utenzi wa Homer aliitwa Foiniks. Hata aina moja ya kinanda cha nyuzi iliitwa hivyo, na pia bandari katika kisiwa cha Krete.

Jambo hili lisitushangaze sisi tunaosema Kiswahili. Mtu akisikia tu neno mbuzi, hajui bado kama anaambiwa habari za mnyama aliye zizini au kifaa cha kukunia nazi kilicho jikoni. Sentensi nzima ndiyo inayomjulisha. Paa naye yuko porini, na paa liko juu ya nyumba. Mwenye lugha hapotei. Anayepotea ni yule anayelishika neno moja na kulitenga na wenzake. Tutaona kwamba jambo hilo lilimpata hata mwalimu mkubwa wa Kanisa.

Hadithi ilivyokua

Mmoja wa waandishi wa kwanza kutueleza habari za ndege huyu kwa kirefu ni Herodoto, Myunani aliyeishi karne ya 5 K.K. Anasema makuhani wa Heliopoli, mji wa jua huko Misri, walimweleza kwamba ndege huyo huja kwao mara moja katika miaka 500, baba yake anapokufa. Humbeba baba yake kutoka Arabuni akiwa amefungwa ndani ya yai la manemane, na kumzika katika hekalu la jua. Umbo lake ni kama la tai, na manyoya yake ni mekundu na ya dhahabu. Herodoto ni mkweli: anasema hakumwona ila katika picha, tena kwamba yeye mwenyewe haamini habari hizo. Hakuna moto katika masimulizi yake, wala majivu. Wamisri walikuwa na ndege wao mtakatifu aliyeitwa benu, aliyechorwa kama korongo na kuhusishwa na jua, na wataalamu wengi hudhani kwamba hadithi ya Wayunani inatokana naye.

Miaka ikapita, na kila msimulizi akaongeza lake. Idadi ya miaka ikabadilika: 500, 540, 1461. Wengine walisema mdudu hutoka katika mabaki yake na kuota manyoya. Wengine wakaleta moto. Mwandishi wa Kirumi Tasito anasema ndege huyo alidaiwa kuonekana Misri mwaka 34 B.K., yaani karibu na miaka ile ile Bwana wetu aliposulibiwa na kufufuka. Tasito mwenyewe anakiri kwamba habari hizo zimechanganywa na hadithi. Plinio naye anaeleza kwamba katika mwaka 47 B.K. ndege aliletwa Roma na kuonyeshwa hadharani kuwa ndiye feniksi. Anaongeza kwamba hakuna mtu aliyekuwa na shaka kuwa ni wa uongo.

Plinio huyo huyo anatupa jambo jingine la kukumbuka. Alisikia habari za mtende fulani uliosemekana kufa na kuota tena wenyewe, na kwamba huenda ndege alipewa jina lake kutokana na mtende huo. Kwa hiyo tangu zamani mti na ndege walichanganywa, kwa sababu ya jina moja.

Ndege anaingia kanisani

Mnamo mwaka 96 B.K. kanisa la Roma liliwaandikia Wakristo wa Korintho waraka ambao tunaujua kwa jina la Klementi. Wakorintho hao ndio wale ambao Mtume Paulo alikuwa amewaandikia habari za ufufuo, yapata miaka 40 kabla. Klementi anawafundisha tena somo hilo. Anaanza kwa kusema kwamba Mungu ametupa limbuko la ufufuo, yaani Bwana Yesu Kristo aliyemfufua. Kisha anawaonyesha usiku na mchana, na mbegu inayooza udongoni na kuzaa. Ndipo anapomleta ndege wa Arabuni, aliye peke yake, anayeishi miaka 500, anayejijengea kiota cha ubani na manemane na kufa ndani yake.

Klementi aliamini kwamba ndege huyo yupo. Watu wengi waliosoma katika siku zake waliamini hivyo, kama walivyoamini habari za wanyama wa nchi za mbali ambazo hawakuweza kuzifikia. Hatuna sababu ya kumcheka. Tuangalie mpangilio wake tu: Kristo kwanza, ndege baadaye. Mimi kaburini nilianza na ndege, na kwa kweli nilimaliza na ndege.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, Tertuliani wa Karthago aliandika kitabu kuwapinga watu waliosema kwamba roho pekee ndiyo inayookolewa na mwili hauna thamani. Katika vita hivyo alikuwa upande wa haki, na Kanisa linamshukuru hata leo. Lakini alipotafuta ushahidi alifika kwenye Zaburi ya 92, mstari wa 12, mahali ambapo mwenye haki anafananishwa na mtende unaositawi. Katika Agano la Kale la Kiyunani neno lililopo pale ni foiniks. Tertuliani akasoma ndege. Akasema kwamba Mungu mwenyewe amemtaja feniksi katika Maandiko, basi ikiwa ndege wa Arabuni wana hakika ya kufufuka, je, wanadamu watapotea milele?

Hoja inavutia, lakini mstari ule hauna ndege. Kiebrania hakina utata hapo. Neno ni tamar, mtende, ambalo ndilo jina la Tamari tunayemsoma katika Mwanzo. Tena nusu ya pili ya mstari inataja mwerezi wa Lebanoni, na mistari inayofuata inataja kupandwa na kuzaa matunda hata uzeeni. Ndege hapandwi. Tertuliani alichukua mbuzi ya jikoni akaitafutia majani. Nasema hivyo kwa heshima, maana kosa la aina hiyo nimelifanya na mimi. Tena yeye aliishi Karthago, mji ulioanzishwa na watu kutoka Tiro ya Foinike. Jina hilo lilimzunguka pande zote!

Mjadala wa namna hii ulikuwapo kwa Wayahudi pia. Ayubu 29:18 inasema habari za siku kuwa nyingi kama mchanga. Neno la Kiebrania ni hol, na baadhi ya marabi walilielewa kuwa ni jina la ndege anayejifanya upya, wakasimulia kwamba ndiye pekee aliyekataa tunda ambalo Hawa aliwagawia wanyama wote. Waliotafsiri Ayubu kwa Kiyunani waliweka shina la mtende. Neno moja likawa mchanga, ndege na mti.

Karne ya 4, Askofu Ambrosi wa Milano alipofiwa na ndugu yake Satiro, alizungumza kwa kirefu juu ya ufufuo, naye akamtaja feniksi. Nilipogundua hilo nilipata faraja kidogo: sikuwa mchungaji wa kwanza kumpeleka ndege huyo msibani. Na mjini Roma, katika kanisa la Kosma na Damiano, iko picha ya vijiwe vya rangi iliyotengenezwa karne ya 6. Ndani yake ndege huyo amesimama juu ya mtende, feniksi juu ya feniksi, kama kwamba fundi alitaka majina mawili yakutane.

Jina liko katika Biblia, ndege hayuko

Hapa ndipo nilipopata la kujifunza. Nilipoyafuatilia Maandiko katika Kiyunani, niliona kwamba jina hili na maneno ya ukoo wake yametawanyika ndani yake, lakini mwandishi hata mmoja wa Agano Jipya hakumtumia ndege huyo kuthibitisha ufufuo.

Linapatikana katika Isaya 1:18. Mungu anapowaambia watu wake kwamba dhambi zao zijapokuwa nyekundu atazifanya nyeupe kama theluji, tafsiri ya Kiyunani inatumia neno la rangi hiyo, nyekundu ya foiniks. Kwa hiyo jina linaanza upande wetu, upande wa dhambi.

Linapatikana katika Marko 7:26. Mama anayemwangukia Yesu kwa ajili ya binti yake ni Msirofoinike. Mathayo anamwita Mkanaani, maana Wafoinike walikuwa wa asili ya Kanaani. Mama huyo mgeni, asiye na haki ya kuketi mezani, aliomba makombo akapewa mtoto wake akiwa mzima. Baada ya Stefano kuuawa, waamini waliotawanyika walifika hadi Foinike, kama isemavyo Matendo 11:19. Na huko Tiro, katika Matendo 21, wanaume, wanawake na watoto walimsindikiza Paulo hadi pwani, wakapiga magoti kuomba pamoja.

Linapatikana katika Yohana 12:13, pale watu walipotwaa matawi ya mitende kwenda kumlaki Yesu. Tena linapatikana katika Ufunuo 7:9, ambapo mkutano usiohesabika wa kila taifa na kila lugha umesimama mbele ya Mwana-Kondoo, wamevaa mavazi meupe, na mikononi mwao yamo matawi ya foiniks, ya mitende.

Jina hilo limefika hadi kwetu. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alipoyapanga majina ya kitaalamu ya mimea, aliuita mtende Phoenix. Baadaye wataalamu waliuweka katika jamii hiyo hiyo mkindu wetu, ambao makuti yake akina mama husuka mikeka na vikapu. Kwa jina la kitaalamu mkindu ni Phoenix reclinata. Kwa hiyo siku ile nilipokuwa nikisimulia habari za feniksi asiyekuwepo, huenda akina mama wale walikuwa wameketi juu ya feniksi aliyepo. Na katika sharika zetu, ambako mkindu hukatwa kwa ajili ya Jumapili ya Mitende, watoto wanaoimba Hosana wameushika mkononi.

Bandari ambayo hawakuifikia

Mahali pa mwisho ni Matendo ya Mitume sura ya 27, mahali ambapo zamani nilipasoma mara nyingi bila kupasimamia. Paulo ni mfungwa, yumo merikebuni kwenda Roma. Msimu mbaya wa safari umefika. Wako Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, na Paulo anawaonya wasiendelee. Lakini akida anamwamini zaidi nahodha na mwenye merikebu, na wengi wanashauri waende mbele kidogo, kwenye bandari nyingine ya Krete inayofaa zaidi kupisha majira ya baridi. Jina la bandari hiyo ni Foiniks. Biblia yetu huliandika Foinike.

Upepo wa kusi ukavuma kidogo, wakadhani wamepata walichotaka. Halafu ikashuka tufani. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Walitupa shehena, wakatupa vifaa vya merikebu, na mwisho tumaini lote la kuokoka likaondoka. Usiku wa 14 walikuwa wangali wakichukuliwa huko na huko. Bandari ya Foinike hawakuiona.

Lakini Paulo alikuwa amepewa neno. Malaika wa Mungu alimwambia kwamba atasimama mbele ya Kaisari, na kwamba wote waliosafiri naye amepewa. Paulo akawaambia wenzake kwamba anamwamini Mungu, kwamba itakuwa vile vile alivyoambiwa. Merikebu ikavunjika. Wengine wakaogelea, wengine wakashika mbao na vipande vya merikebu. Watu 276 wakafika pwani ya Malta, wasipotee hata mmoja.

Tangu nilipouona mfano huo, ndio ninaowaambia wanafunzi wanaojiandaa kwa uchungaji. Tumaini letu tunaweza kulielekeza kwenye bandari nzuri kwa jina, hadithi nzuri, hoja inayopendeza masikioni. Upepo ukiwa mwanana, inaonekana tutafika. Tufani ikija, hadithi haimbebi mtu. Neno la Mungu linambeba, hata kama analolishika mkononi ni ubao mmoja.

Ndiyo maana Paulo alipowaandikia Wakorintho sura ya 15 hakuanza na viumbe vya mbali. Alianza na mashahidi: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa hai bado, Yakobo, kisha yeye mwenyewe. Mtu wa Korintho aliyetaka kuuliza angeweza kuwatafuta na kuwauliza. Baada ya hapo ndipo alipoleta mfano, nao ni wa mbegu, kitu ambacho kila mkulima amekishika. Bwana Yesu naye alifundisha kwa ndege waliojulikana na kila mtu: shomoro wanaouzwa sokoni, kunguru wasiopanda wala kuvuna, kuku anayekusanya vifaranga wake.

Martin Luther alihubiri mfululizo juu ya sura hiyo ya 15 huko Wittenberg mwaka 1532 na 1533, naye alikaa kwa kirefu kwenye mfano wa mkulima na mbegu yake. Miaka michache kabla, mwaka 1524, aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani waanzishe shule na kufundisha Kiebrania na Kiyunani, ili Kanisa lisipotee katika kuelewa Maandiko. Kisa cha Tertuliani na mtende kinatuonyesha sababu. Mchungaji akisoma vibaya, mfiwa ndiye anayeumia.

Sisemi kwamba tuwafute feniksi katika picha za makanisa ya kale, au kwamba mfano wa hadithi ni dhambi. Nasema tusiuweke mahali pa msingi. Kristo asipofufuka, hata feniksi 1000 hawatatusaidia. Akiwa amefufuka, nasi twaamini hivyo, ndege huyo anaweza kwenda zake na tumaini lisipungue.

Wiki kadhaa baada ya mazishi yale nilirudi kumtembelea bibi. Nilimwomba radhi. Nikamsomea orodha ile ya mashahidi katika 1 Wakorintho 15, polepole, jina kwa jina. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Hao walimwona?"

"Ndiyo, bibi. Walimwona."

"Basi nisomee tena," akasema.